Mikanda ya uzi mwekundu: shajara ya kuhamisha video za nyumbani kwetu

Juni 7

Leo nimelivuta sanduku la mama kutoka uvunguni mwa kitanda na kuhesabu kilichomo. Mikanda 31: 22 ya VHS, 7 midogo ya Video8, na 2 ya MiniDV. Tisa kati ya ile mikubwa imefungwa uzi mwekundu.

Uzi ni alama ya mama. Mkanda wenye uzi ni wa wanawake watupu: kusingwa kwa bi harusi, kutiwa hina, kesha, ngoma ya ndani. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamke, na walioalikwa wote wanawake. Mikanda hiyo ilikaa kabatini kwa ufunguo. Ilitolewa alasiri, madirisha yakafungwa, mashoga wakaja na majirani, wakaangalia, wakacheka, wakalia, kisha ikarudi kabatini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza, kwa hiyo deki zilipoanza kuletwa na ndugu waliotoka Maskati na Dubai, seti zilikuwa tayari ukumbini zinazisubiri.

Wiki iliyopita nilipeleka mkanda mmoja usio na uzi kwenye duka la mjini linalofanya kazi hii ya kugeuza mikanda kuwa faili za kompyuta. Kijana akaniambia niiache yote, nirudi baada ya siku saba. Nikatupa jicho nyuma ya kaunta. Skrini imeelekea mlangoni, inacheza harusi ya watu nisiowajua, na vijana watatu wamekaa wanakula urojo huku wanaangalia. Bi harusi wa watu, kichwa wazi, mabega wazi, mbele ya kila apitaye.

Nilichukua mkanda wangu nikaondoka. Kazi hii nitajifunza niifanye mwenyewe, ndani, mlango umefungwa.

Juni 9

Deki ya zamani ya nyumbani inawaka lakini inatafuna utepe. Ami wa Maskati anayo yake, nzima, na ameniahidi kuituma na mtu anayekuja Unguja wiki hii. Nimemwambia aifunge vizuri kama anayesafirisha mayai. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza. Zilizopo ndizo hizo, na kila moja inayokufa inaondoka na hedi zake, vile vichwa vinavyosoma utepe. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walipotoa tahadhari yao ya mwaka 2019 kuhusu tepe za sumaku, walisema hayo hayo kwa taasisi kubwa duniani: vifaa vya kuchezea vitakwisha kabla ya tepe zenyewe. Sisi tuna sanduku moja tu, lakini saa ni ile ile.

Juni 14

Kuvu. Siku nzima ya leo ni kuvu.

Masika ya mwaka huu yaliingia mpaka chini ya kitanda. Mikanda sita ukiiangalia kwenye kidirisha chake, utepe una ungaunga mweupe ukingoni, kama unga wa muhogo uliomwagika. Nilitaka kuuchomeka mmoja nione angalau dakika moja, nikajizuia. Mkanda wenye kuvu ukiingia kwenye deki unaipaka njia yote: silinda ya hedi, rola ya mpira, vile vinguzo vya kuongoza utepe. Kutoka hapo deki inaambukiza kila mkanda utakaofuata. Na silinda inazunguka mara 1500 kwa dakika. Ukungu mkavu ukigongwa kwa kasi hiyo unakuwa msasa.

Niliihamishia juu darini, kivulini, upepo wa kusi unapita, nikavaa barakoa. Jirani aliponiona akanishauri niifukie kwenye mchele inyonye unyevu, kama watu wanavyofanya na simu. Sikufanya hivyo. Mchele una vumbi lake. Niliiweka kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vipakiti vya silika, na itakaa humo siku tano. Kuvu likikauka kabisa linapanguswa. Likiwa bichi linapakaa.

Kasha la VHS lina skrubu tano. Nimefungua moja la mkanda mbovu wa sinema ili nijue kuna nini ndani kabla sijagusa wa mama. Ni vyema kufanya hivyo. Kuna springi ndogo ya mlango ambayo iliruka nikaitafuta kwa robo saa.

Juni 19

Silika imefanya kazi. Nimepangusa mikanda mitano, utepe unapita taratibu kwenye kitambaa kikavu huku nageuza gurudumu kwa mkono. Mkanda mmoja, saa mbili na nusu. Mgongo hausemi.

Wa sita utepe ulikatika mita chache tangu mwanzo. Nimeuunga kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo usiogusa hedi. Selotepu ya dukani haifai kabisa, kwa sababu gundi yake inavuja kwa joto na kwenda kunata kwenye hedi. Tumepoteza chini ya sekunde moja ya harusi ya mwaka 1992, watu wakiwa wanatandika majamvi.

Juni 21

Deki ya ami imefika salama. Nimesafisha hedi kwa karatasi nyeupe iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 99: karatasi unaishika imetulia na silinda unaizungusha kwa mkono. Pamba hapana, nyuzi zake hunasa kwenye hedi na zinaweza kuing'oa.

Mkanda wa kwanza usio na uzi: maulidi ya nyumbani kwa babu. Picha ilitoka, moyo ukaruka, kisha nikaona milango yote imepinda. Nguzo ya baraza inayumba kama mnazi. Na baada ya dakika arobaini sauti ikaachana na midomo. Msomaji amefunga kinywa na sauti bado inaendelea.

Nilidhani deki imeharibika njiani. Kumbe ndivyo utepe wa zamani ulivyo. Kila mstari wa picha unaanza mapema kidogo au kuchelewa kidogo, kwa sababu utepe umevutika na kusinyaa kwa miaka. Televisheni ya zamani ya kioo kinene ilikuwa inavumilia. Kifaa changu cha kunasia picha, hiki kidogo cha USB, hakivumilii. Kikishindwa kusoma kinaidondosha picha nzima, na picha zikidondoka sauti inabaki nyuma.

Juni 25

Dawa nimeipata kwa binamu anayefanya kazi ya kurekodi harusi: rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10, ambayo yeye alikuwa ameitupa stoo. Hairekodi chochote hapa. Picha inaingia kutoka kwenye deki, inatoka kwenda kwenye kompyuta, na ikipita ndani yake mistari inanyooshwa. Nguzo ya baraza la babu imesimama. Saa nzima, hakuna picha hata moja iliyodondoka, na sauti imekaa mdomoni mwa mwenyewe.

Nimekaa nikaangalia ile nguzo tu.

Juni 28

Naandika mipangilio ili nisisahau, na kwa atakayekuja kufanya kazi kama hii.

Mikanda yetu karibu yote ni ya mfumo wa picha wa PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Lakini kila picha ni nusu mbili zilizosokotwa, mistari ya shufwa na ya witiri, kwa hiyo mwendo halisi ni nusu-picha 50 kwa sekunde. Bila kubana kabisa, saa moja ingekula GB 75. Nakala ya asili naihifadhi kwa FFV1, ambayo inabana bila kupoteza hata nukta moja, na kwangu saa moja inatoka kati ya GB 25 na 35. Siikati, siing'arishi, ule mchirizi wa chini kabisa wa picha nauacha hapo hapo.

Nakala ya kuangalia ni nyingine. Hiyo ndiyo naifumua ile misokoto, na naifumua kwenda picha 50, siyo 25. Mafundi wengi wanatoa 25 ili faili liwe dogo. Kwa hotuba hakuna tofauti kubwa. Kwa ngoma tofauti ni kubwa sana. Nilijaribu dakika mbili za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, kwa njia zote mbili: kwenye 25 mabega ya wanawake yanakwenda kwa kushtukashtuka; kwenye 50 yanateleza kama walivyokuwa wanacheza kweli. Bega ndilo ngoma yenyewe. Ukilipoteza umehifadhi nguo tu.

Julai 5

Leo sikuhamisha mkanda wowote. Nimewaza.

Mkanda ukiwa mkanda, ni kitu kimoja, mahali pamoja, na una mwenyewe mwenye ufunguo. Anayetaka kuuona anakuja kwa mama, anavua viatu, anakaa. Nikishaugeuza faili, unaweza kuwa sehemu kumi kabla ya adhuhuri. Si kwa ubaya. Mtu anampenda shangazi yake, anamtumia dada yake Toronto kipande cha dakika moja, simu ya dada inakihifadhi yenyewe, mume anafungua picha za simu. Basi. Wanawake wale walivua mitandio yao mbele ya watu waliowajua, katika nyumba waliyoijua. Ruhusa waliyoitoa ilikuwa ya chumba kile.

Kwa hiyo nimegawa diski kama nyumba ilivyogawanyika. Folda ya Baraza: kila mtu wa ukoo, maulidi, safari za Bwejuu, siku za Idi. Folda ya Ukumbi: ndugu wa karibu. Folda ya Ndani: mikanda ya uzi mwekundu. Hii ya mwisho imefungwa kwa VeraCrypt, programu ya kufungia faili kwa nywila, na kompyuta ninayoifanyia kazi nimeiondoa kwenye intaneti kabisa. Hakuna kuituma kwa simu. Anayetaka kuona anakuja anakaa na mama, kama zamani.

Na kabla ya mkanda wowote wa uzi kuhamishwa, nitawauliza waliomo.

Julai 6 – 20

Mama ameitaja orodha kwa kumbukumbu, mkanda kwa mkanda, mimi naandika. Wanawake 43 anaowajua kwa majina. Kumi na sita wametangulia mbele ya haki. Wengine wako Kikwajuni, Malindi, Wete, watatu Maskati, mmoja London. Wa mbali nimewapigia, wa karibu nimekwenda kwa miguu.

Nilidhani wengi watakataa. Wengi wamefurahi mpaka wakanishika mikono. Swali lao la kwanza karibu wote lilikuwa moja: nani mwingine ataona? Nikiwaeleza habari ya Ndani, wanatulia. Mama mmoja wa Malindi alisema hana tatizo, ila kuna mahali anamtunza mwimbaji kwa noti ambazo aliziazima, na mwenye noti mpaka leo hajalipwa. Tulicheka, kisha akanieleza nusu saa nzima namna walivyokuwa wanachangizana kanga za sare. Hayo hayamo kwenye mkanda wowote. Nimeyaandika kwenye daftari, na daftari nalo litaingia kwenye diski.

Julai 26

Mkanda wa 6, kesha la mwaka 1989. Katikati yake kuna mwanamke anaimba, hana kipaza sauti, vikuba vya asumini kichwani. Alifariki miaka mingi iliyopita. Ana watoto watano, wa kike wawili na wa kiume watatu.

Wale mabinti walikuja jana baada ya alasiri. Mdogo alikuwa na miaka mitatu mama yao alipofariki, na hakuwahi kuijua sauti yake. Sauti ilipoanza hakulia. Alisogea akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Wakaulizana: na kaka zetu? Mama yao kichwa wazi, na nyuma yake wamekaa wanawake wengine ambao si maharimu zao. Picha haiwezekani. Nikawaambia sauti inaweza kutoka peke yake. Wamekubaliana, wakawapigia simu waliomo pale nyuma ambao bado wapo, nao wakakubali. Nimetoa sauti ya wimbo ule, dakika saba na sekunde 20, faili la WAV bila kubana, na kuikatia makelele ya meza mwanzoni. Leo mkubwa wa wale kaka alikuja mlangoni kuchukua flashi. Hakuingia. Alisema ahsante mara moja tu, akaondoka nayo imefumbatwa.

Agosti 2

Mkanda wa 11 umetoka hauna rangi na unarukaruka. Si mbovu. Ni wa NTSC, mfumo wa picha wa huko Marekani, uliletwa na mama mdogo kutoka huko: mistari 480, picha 29.97 kwa sekunde. Deki ya ami inasoma mifumo yote. Ni mimi niliyesahau kubadilisha upande wa kompyuta. Nimeuhifadhi kwa mfumo wake wenyewe bila kuugeuza PAL. Theluji ndefu sana, na mtu anacheka.

Agosti 9

Mkanda wa 14. Bibi mmoja wa Ng'ambo, yuko peke yake katikati ya duara, anacheza. Dakika nne na sekunde 11. Katika mikanda yote niliyokwisha kuiona hakuna kipande kinacholingana na hiki. Kamera ilitulia kana kwamba aliyeishika alijua anaona nini.

Nilipompigia mwezi uliopita alisema atafikiri. Leo alikuja na mjukuu wake wa kike. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Nikaupachika, akaangalia. Akasema rudisha. Akaangalia tena, mguu wake unagonga jamvi. Akasema rudisha. Mara ya tatu alikuwa ametulia.

"Nilikuwa najua kucheza," akasema. "Sasa futa."

Nilimweleza habari ya Ndani, ufunguo, kompyuta isiyo na intaneti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia: "Mwanangu, wewe nakuamini. Ufunguo huo baada yako utashikwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka sasa.

Agosti 10

Nimefuta. Naandika namna nilivyofanya kwa sababu aliomba kifanyike mbele yake, na pawe na maandishi.

Kwenye faili ilikuwa rahisi: katika FFV1, namna nilivyoipanga, kila picha imesimama peke yake, kwa hiyo unakata bila kuharibu jirani. Nimekata nakala ya asili na ya kuangalia, kwenye diski zote mbili, kisha nikajaza diski nafasi ile iliyoachwa ili kisifufuliwe. Nakala ya tatu ilikuwa bado haijapanda boti kwenda Pemba, na hilo limetuokoa.

Kwenye mkanda wenyewe, kijitobo cha kuzuia kurekodi nilikiziba kwa selotepu ya nje, nikarekodi weusi mtupu juu ya dakika zile. Utepe unapita kwenye hedi ya kufutia kabla kidogo ya kufika kwenye silinda, kwa hiyo sekunde chache za wimbo uliofuata nazo zimekwenda. Hizo ninazo kwenye faili.

Bibi alikaa mpaka mwisho akiangalia skrini nyeusi. Aliponyanyuka alinibusu kichwani. Mimi niliumia sana na bado naumia. Kazi yote hii naifanya ili kitu kisipotee, na kizuri kuliko vyote nimekifuta kwa mkono wangu. Lakini kilikuwa chake.

Kwenye orodha nimeandika: Mkanda 14, dakika ya 52:08 hadi 56:19, pametolewa kwa matakwa ya mwenyewe. Jina sikuliweka.

Agosti 16

Hali ilivyo: VHS 20 kati ya 22 zimekamilika. Miwili iliyobaki ina uzi, nasubiri jibu la Maskati. MiniDV miwili ilitoka bila tabu, GB 13 kwa saa, ni za binamu na zimerudi kwake. Kila faili nimelitolea alama ya uhakiki ya SHA-256, niweze kujua mwakani kama kuna hata herufi moja imebadilika. Diski ya tatu imekwenda Wete kwa mama mkubwa jana, imefungwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na silika.

Video8 saba bado. Zinahitaji kamera ya aina yake, na tuliyonayo haina chaja.

Leo alasiri madirisha yalifungwa. Walikuja wanawake tisa. Mama alikaa karibu na skrini kabisa, kwa ajili ya mtoto wa jicho, na kila anayetokea alimtaja kabla sijamwona mimi. Walipoondoka akaniomba nimpe diski ya Ndani aishike. Akaigeuzageuza, akasema nyepesi. Kisha akatoa kibonge cha uzi mwekundu kwenye mfuko wa dira, akaizungushia mara mbili, akafunga fundo, akaitia kabatini.

Jumamosi ijayo: kutafuta chaja ya kamera. Binamu amesema anamjua fundi Mlandege.